Ulaini si ukoo

Ukitaja sifongo mbele ya watu, haipiti dakika kabla mtu hajakuletea habari za dodoki. "Si lile linalotambaa uani, likikauka tunajisugulia?" Silo. Dodoki ni tunda la mmea wa jamii ya matango na maboga, na kinachobaki mkononi ni nyuzi za tunda lililokomaa, likamenywa na kukung'utwa mbegu. Sifongo hana mbegu, wala ua, wala jani. Ni mnyama. Hawa wawili wamekutanishwa na bafu tu.

Kiswahili chenyewe kinatupa njia nzuri ya kuliweka jambo hili sawa. Akiwa baharini, anavuta maji na kujilisha, nitamwita sifongo huyu. Akishakufa, nyama ikaoza, akasafishwa na kupangwa dukani, itakuwa sifongo hii, kwa sababu kilichobaki ni kiunzi chake. Madai mengi ninayoyajibu hapa yanatoka kwa watu walioitazama hii wakadhani wamemwona huyu.

Nisiwalaumu sana wanaomwita mmea. Wasomi wa Ulaya walibishana juu yake kwa karne nyingi. Mwaka 1765 John Ellis, mfanyabiashara wa London aliyependa viumbe vya bahari, alieleza kuwa maji huingia na kutoka katika miili yao. Mwaka 1825 Robert Grant, daktari wa Edinburgh, aliweka kijipande cha sifongo hai ndani ya kisahani cha kioo chenye maji ya bahari, akakitia chini ya hadubini, akaona mkondo wa maji na vijitaka ukibubujika kutoka tundu lake bila kukoma. Siku hizi mzamiaji akipuliza rangi ya kijani kwenye ubavu wa sifongo, baada ya muda mfupi rangi hiyo hutoka juu kama moshi wa bomba. Mmea haufanyi hivyo. Sifongo huvuta maji kwa matundu madogo yasiyohesabika, huchuja bakteria ndani kwa seli zenye mikia inayopigapiga, kisha hutoa maji kwa tundu kubwa. Hilo lilishaamuliwa, na sina haja ya kulirefusha.

Ninapotaka kukaa ni kwenye dai la pili, maana linasemwa na watu makini: kwamba sifongo wote laini ni familia moja, na kwamba kubonyeza kwa vidole kunatosha kuwatambua.

Familia inayozungumzwa ni Spongiidae, ile ya sifongo wa kuogea. Imo katika oda ya Dictyoceratida, ndani ya ngeli ya Demospongiae, ambayo peke yake ina zaidi ya robo tatu ya spishi zote za sifongo zinazojulikana. Spishi hizo zote kwa jumla sasa zimepita 9,000. Demospongiae walio wengi hujijengea mwili kwa vijisindano vya silika, yaani kioo kile kile cha mchanga, ndiyo maana ukimsugua sifongo wa kawaida wa mwambani kwenye ngozi anakuwasha na kukuchoma. Spongiidae hawana hata kijisindano kimoja cha kwao. Mwili wao wote umesimama juu ya nyuzi za sponjini, protini iliyo ndugu wa ile inayoshikilia ngozi na kano zetu.

Jaribio la kwanza yeyote anaweza kulifanya akiwa na hadubini ya shule. Maji yakipwa wakati wa bamvua, kata kipande kisichozidi punje ya mchele kutoka kwa sifongo aliye chini ya jiwe. Kiweke juu ya kioo, kisha dondoshea tone la dawa ya kung'arisha nguo, ile tunayoiita jiki. Povu jeupe litatoka, nyama italegea, nyuzi zitayeyuka. Subiri kidogo, halafu tazama. Kama ni sifongo wa vijisindano, utaona msitu wa sindano zinazong'aa, zote za umbo moja au mawili, zimerudiwa mara mia. Kama ni Spongiidae, kioo kitabaki karibu kitupu: chembe za mchanga, vigae vya kombe, na pengine vipande vya vijisindano vilivyovunjika.

Vipande hivyo vimewapotosha wanafunzi wengi. Wakiona sindano tatu nne huandika kwamba sifongo huyu ana vijisindano, na tangu hapo jina linakwenda mrama. Lakini zitazame vizuri: moja ina ncha kama mkuki, nyingine ina kichwa kama pini, ya tatu imekatika katikati. Hazifanani kwa sababu hazina mwenye mmoja. Ni mabaki ya sifongo wengine waliokufa, yaliyozama pamoja na mchanga, naye Spongiidae akayaokota na kuyafungia ndani ya nyuzi zake.

Lakini jaribio la jiki linakufikisha mlangoni tu. Familia kadhaa za Dictyoceratida hazina vijisindano, na nyingi zinabonyea mkononi. Kinachozitenga ni jinsi uzi wenyewe ulivyofumwa, na hapo utahitaji wembe mkali na mkono uliotulia ili upate kipande chembamba cha kupitisha mwanga. Katika jenasi ya Spongia utaona nyuzi kuu chache, nene, zikipanda kutoka ndani kwenda juu, matumbo yao yamejaa mchanga, na kila moja ikifika kwenye ngozi inaisukuma ikawa kijichuguu. Kati ya hizo kuna wavu mnene wa nyuzi za pili, nyembamba, safi, za rangi ya asali, zisizo na tabaka wala kiini. Wavu huo safi ndio unaofyonza maji na kuyaachia ukikamuliwa. Ndio uliompa thamani mnyama huyu tangu zama za Wagiriki wa kale.

Sasa mchukue jirani yake wa familia ya Thorectidae. Uzi wake una tabaka, kama kitunguu kilichokatwa, na katikati kuna kiini hafifu. Mchukue wa Irciniidae: pamoja na nyuzi, nyama yake imejaa vifilamenti vyembamba kuliko unywele, vyenye kifundo mwishoni, na jaribu kumchana kwa mikono uone. Anabonyea vizuri tu, lakini hachaniki, na wengi wao wananuka vibaya mno ukiwatoa majini. Wa Dysideidae naye hujaza mchanga nyuzi zake nyingi, na vyumba vyake vya kuchujia maji ni vikubwa zaidi. Wote hao vidole vyako vingewaita laini. Wembe unasema ni familia nne.

Na hata ndani ya Spongiidae wenyewe ulaini hauna sura moja. Hippospongia ana mapango mapana chini ya ngozi, na nyuzi zake kuu ni adimu, kiasi kwamba kiunzi kikikauka kinafanana na sega la nyuki. Coscinoderma amevaa gamba la mchanga juu, na ndani ana nyuzi nyembamba sana zilizosokotana kama sufi. Nimewahi kushika vipande vya hawa wawili, kila kimoja mkono wake, vyote vimeoshwa na kukauka. Mwenye duka angeviweka rafu moja.

Wanaotegemea rangi wana msingi mdogo zaidi. Sifongo wa kuogea wa Bahari ya Mediterania, Spongia officinalis, akiishi kwenye mwanga huwa mweusi au kijivu kwa nje, na akiishi pangoni huwa mweupe. Ni spishi moja. Ile rangi ya dhahabu ya dukani haionekani baharini kabisa. Mnyama hai ana ngozi inayoteleza, na ukimkata hutoka majimaji mazito kama maziwa machafu. Umbo nalo hufuata mkondo wa maji, mchanga unaomwangukia, na jiwe alilokalia.

Dai la tatu hunijia kwa sauti ya heshima: familia hii ilishapangwa zamani, vitabu vipo, kwa nini tunasumbuana? Ni kweli kwamba jina ni la zamani. Linnaeus aliandika Spongia officinalis mwaka 1759, na John Edward Gray wa jumba la makumbusho la Uingereza akaanzisha familia ya Spongiidae mwaka 1867. Lakini tangu siku hiyo nyumba imehamishwa kuta mara nyingi. Robert von Lendenfeld alitoa kitabu kinene juu ya sifongo wasio na vijisindano mwaka 1889. Patricia Bergquist wa New Zealand aliipanga upya oda nzima baada ya karibu karne moja, na ndiye aliyewapa Thorectidae familia yao mwaka 1978. Mwaka 2002 ukatoka mkusanyiko mkubwa wa Systema Porifera, chini ya uhariri wa John Hooper na Rob van Soest, nao ukawa msingi wa wote waliofuata.

Hata huo haukuwa mwisho. Watazame sifongo wenye umbo la jani au kikombe wa jenasi za Phyllospongia na Carteriospongia, wanaoishi katika Bahari ya Hindi na Pasifiki. Waliwahi kuhesabiwa kuwa Spongiidae. Systema Porifera ikawapeleka Thorectidae. Halafu vinasaba viliposomwa, vikaonyesha kuwa wako karibu na Spongiidae kuliko na wale waliowekwa nao nyumba moja. Mwaka 2015 Christine Morrow na Paco Cárdenas walipanga upya Demospongiae wote kwa kutumia vinasaba. Dictyoceratida wakabaki oda yao, ndani ya kundi la Keratosa, lakini mipaka ya familia zilizomo bado inasogezwa. Anayesema mambo yalishaamuliwa hajafungua kitabu cha karibuni. Na anayetumia mabadiliko hayo kusema kwamba uainishaji ni kubahatisha tu, naye anakosea: kila uhamisho ulifanywa kwa ushahidi unaoweza kutazamwa tena, uwe uzi chini ya hadubini au herufi za DNA.

Nimefika kwenye dai linaloniuma kuliko yote: kwamba Spongia officinalis yuko katika kila bahari yenye joto, na kwa hiyo sifongo wa kuogea wa popote ni yule yule.

Dai hili lina historia inayoeleweka. Wazungu waliowapa sifongo majina walianza na wale wa Mediterania, waliowazoea tangu utoto. Vielelezo vilipoanza kuingia kwa meli kutoka Karibi, Australia na Bahari ya Hindi, vikavu, bila ngozi wala rangi, walivilinganisha na kile walichokijua. Kilichofanana kidogo kikapewa jina la Mediterania, pengine na neno la tatu la kuonyesha kuwa ni aina yake. Hivyo jina moja likatapakaa duniani bila mnyama mwenyewe kusafiri.

Na mnyama huyu si msafiri. Spongiidae hulea mayai ndani ya mwili wa mama. Kinachotoka ni lava mdogo anayeogelea kwa saa chache hadi siku chache, kisha hujishikiza kwenye jiwe na hatoki hapo maisha yake yote. Lava wa namna hiyo havuki bahari kuu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 juu ya Spongia officinalis ulionyesha kuwa hata ndani ya Mediterania, bahari iliyozungukwa na nchi kavu, makundi ya mashariki na ya magharibi yametengana. Ikiwa hawachanganyiki vizuri ndani ya bahari moja, anayetaka kuniambia kuwa yule wa Bahamas ni ndugu yao wa damu ana kazi kubwa ya kuthibitisha.

Mtawanyiko halisi wa familia una sura nyingine. Spongiidae wengi wako katika maji ya joto na ya wastani, mara nyingi si ya kina kirefu, na huadimika baridi inapozidi. Jenasi zinapatikana mbali mbali, lakini spishi zina makwao. Hippospongia communis ni wa Mediterania, aliyevuliwa sana Tunisia, Libya na Ugiriki. Hippospongia lachne ni wa Ghuba ya Meksiko, Florida, Bahamas na Kuba. Coscinoderma matthewsi anafugwa Pohnpei, Mikronesia. Rhopaloeides odorabile, aliyepewa jina mwaka 1987, ni wa Mwamba Mkubwa wa Matumbawe wa Australia. Wazamiaji wa Kigiriki kutoka visiwa kama Kalymnos na Symi walipohamia Tarpon Springs, Florida, kuanzia mwaka 1905, walileta mashua zao na mavazi yao ya kuzamia yenye kofia ya shaba. Sifongo waliyemkuta chini hakuwa yule wa nyumbani.

Upande wetu dai hugeuka: ama tunaambiwa kwamba sifongo wetu ni wale wale wa Ugiriki, ama kwamba hakuna aliyewahi kuwachunguza. Yote mawili si kweli. Lendenfeld yule yule alichapisha maandishi juu ya sifongo wa Zanzibar mwaka 1897. Gustavo Pulitzer-Finali alitoa maelezo marefu ya mkusanyo wa sifongo wa Afrika Mashariki mwaka 1993. Matthew Richmond aliwapa sifongo nafasi katika mwongozo wake wa viumbe vya pwani ya Afrika Mashariki, unaobebwa na wanafunzi hadi leo. Na pale Jambiani, Unguja, wanawake, wengine waliokuwa wakulima wa mwani kabla maji ya joto hayajawaharibia, wamefundishwa na shirika la Marine Cultures kufuga sifongo kwenye kamba. Mbegu zao ni vipande vilivyokatwa kutoka kwa sifongo wa bahari ile ile. "Sifongo ya kuogea" ni jina la kazi. Halimtajii mtu familia, na mama wa Jambiani hapungukiwi kitu mnunuzi akiambiwa kwamba bidhaa yake ni ya Bahari ya Hindi. Anaongezewa.

Limebaki dai la mwisho, nalo hutolewa kwa kupunga mkono: majina ni ya wasomi, mvuvi anahitaji bei tu; sifongo ukimvuna anaota tena.

Anaota tena kama umemwachia cha kuotea. Ukimkata kwa kisu juu ya shina, kipande kilichobaki jiweni kinaweza kufunga jeraha na kukua. Ukimng'oa kwa ndoana, mara nyingi humwachi na kitu. Florida sheria inadai sifongo anayevunwa awe na upana wa angalau inchi 5, na sheria kama hiyo haina maana pasipo kumjua mnyama anayehusika, kasi yake ya kukua na umri wake wa kuzaa. Kumkopea spishi moja kanuni za nyingine ni kuvuna gizani.

Halafu kuna maradhi. Mwaka 1938 na 1939 ugonjwa ulipita katika Karibi, ukawaozesha sifongo wa biashara wa Bahamas na Florida kwa miezi, na visiwa vilivyoishi kwa biashara hiyo vikabaki na mashua zilizofungwa. Aliyeitwa sifongo wa mahameli, Hippospongia gossypina, karibu atoweke kabisa. Kuanzia mwaka 1986 Mediterania nayo ikapigwa, wakafa Spongia na Hippospongia kwa wingi, na mwaka 1999 joto la kiangazi likaua tena upande wa magharibi. Kule Australia, Rhopaloeides odorabile alipowekwa katika maji ya nyuzijoto 33, bakteria wanaoishi ndani yake walibadilika na nyama yake ikafa. Ni kipimo cha spishi moja ya mahali pamoja. Hatuwezi kumvisha sifongo wa Unguja au Lamu kipimo hicho kwa sababu wote wawili wanabonyea, na hatuwezi kujua nani kafa kama hatukuandika nani alikuwepo.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi, namwomba kitu kidogo. Asiondoke na mnyama mzima. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha, na shina libaki jiweni. Aandike mahali, kina, tarehe, na jiwe au mchanga alioukalia. Aandike rangi ya nje, kisha akate na kuandika ya ndani, palepale, kabla ya kutumbukiza kwenye spiriti, maana spiriti huinyonya rangi na chupa hugeuka kahawia usiku huohuo. Anuse, na aandike harufu. Ajaribu kumchana, aandike kama alichanika. Karatasi iwe ya penseli na iingie ndani ya chupa, kwani wino huyeyuka na lebo ya nje hubanduka. Mtu atakayeifungua chupa hiyo baada ya miaka thelathini, akiwa na wembe na tone la jiki, ataweza kusema alikuwa nani.